Kikapu cha Nyanya Kimefika: Kusahihisha Sentensi za GMAT kwa Sikio la Kiswahili

Mwambie mama wa nyanya pale Kibuye, Kisumu, kwamba "kikapu cha nyanya zimefika" uone atakavyokukodolea macho. Kilichofika ni kikapu. Nyanya zimo ndani, hata zikiwa mia mbili, lakini kitenzi ni cha kikapu. Hahitaji kitabu cha sarufi kulijua hilo; ulimi wenyewe unakataa. Sasa mpe mtu mwenye digrii, aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, sentensi hii: "The basket of tomatoes have arrived." Wengi huipita kama matatu inavyopita steji isiyo na abiria.

Maswali ya kusahihisha sentensi ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, yanauliza mambo mawili: nani amefanya nini, na neno hili linarejelea lipi. Kiswahili hushughulikia mambo hayo karibu katika kila neno, kwa viambishi vyake vya ngeli. Mtahiniwa wa Kisumu, Nakuru au Kakamega ana zana hiyo mdomoni. Shida ni kwamba huiacha mlangoni mwa chumba cha mtihani, akiamini kwamba swali la Kiingereza hujibiwa kwa Kiingereza peke yake.

Kabla hujatoa pesa ya kitabu, jua kwamba GMAT ilibadilika. Toleo jipya lilianza Novemba 2023, la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024, na maswali ya kusahihisha sentensi yakaondolewa. Sehemu ya lugha sasa ina maswali 23 ya dakika 45, yote ya ufahamu na ya kupima hoja. Zamani yalikuwa 36 kwa dakika 65, na takriban thuluthi yake yalikuwa ya sentensi. Vitabu vingi vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara ni vya enzi hiyo. Njia ya haraka ya kukitambua ni kutazama alama: kitabu kikisema alama za juu kabisa ni 800, ni cha mtihani uliokwisha. Mpya huenda kutoka 205 hadi 805, na kila alama ya jumla huishia na 5.

Je, kurasa hizo uzichane ufungie mandazi? Nisingefanya hivyo. Vifungu vya ufahamu bado vina sentensi za mistari mitano ambazo kiima chake kimejificha, GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, bado inakupa nusu saa uandike insha, na vyuo vingi vinataka maelezo yako kwa maandishi. Sijaona zoezi bora kuliko maswali haya kwa anayetaka kusoma sentensi ndefu bila kupotea ndani yake. Ila usiyakariri ukidhani utakutana nayo kwenye GMAT ya leo.

Swali lenyewe lina sura ile ile kila mara. Kuna sentensi moja, sehemu yake imepigiwa mstari, na chini yake majibu matano. Jibu la kwanza linarudia sehemu hiyo kama ilivyo, manne yanaibadilisha. Sehemu isiyopigiwa mstari haiguswi, na ndiko ushahidi mwingi unakofichwa: "both" lililobaki nje likisubiri "and" yake, au kiwakilishi kilicho mwishoni kinachohitaji jina lililo ndani ya mstari. Anayesoma kilichopigiwa mstari tu ni kama anayenunua ng'ombe kwa kutazama mkia.

Tatizo la kwanza ni sikio. Kiingereza chetu cha Kenya kinatosha kwa kazi zake zote, lakini kimelelewa na lugha zetu. Tunasema "discuss about" kwa sababu tunazungumza kuhusu jambo. Tunasema "equipments" kwa sababu vifaa ni vingi na vina wingi wake. Tunasema "comprises of" na "despite of" kwa sababu kila mtu ofisini anasema hivyo. Mtihani ulitungwa kwa Kiingereza cha maandishi cha Marekani. Kwa hiyo jibu linalosikika vizuri huwa ndilo mtego, na jibu sahihi mara nyingi husikika kama limevaa tai shingoni.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Soma sentensi yote mara moja, polepole, ukitafuta maana tu. Tafuta kitenzi kikuu, kisha uulize: nani? Ukimpata mwenyewe, funika kila kilicho katikati: virai vinavyoanza na "of", "in" au "with", na chochote kilichofungwa kati ya koma mbili. Kwenye ubao mdogo unaopewa, andika kiima na kitenzi peke yake. "Basket have." Hapo hata mtoto anaona.

Kisha majibu. Usiyasome yote matano mfululizo kama gazeti. Yatazame kwenda chini. Linganisha maneno ya mwanzo ya kila jibu, halafu ya mwisho. Utaona yamegawanyika: mawili yana "has", matatu yana "have". Anza na mgawanyiko ambao una uhakika nao, futa upande mbaya, uende kwa unaofuata. Jibu lililofutwa kwa kosa la hakika limekufa. Usilifufue kwa sababu eti linasikika vizuri. Yakibaki mawili, tofauti yake kwa kawaida ni maana, kwa hiyo rudi kwenye sentensi uulize mwandishi alikusudia nini. Mwisho, lirudishe jibu ulilochagua mahali pake usome sentensi nzima. Yote haya yachukue dakika moja na robo, ikizidi sana moja na nusu.

Katika upatanisho wa kiima na kitenzi, Kiswahili kinakubeba mgongoni. "The number of traders" na "a number of traders" huwachanganya hata waliozaliwa na Kiingereza. Yatamke kwetu: idadi ya wachuuzi imepanda, wachuuzi kadhaa wamehama. Ya kwanza ni "has", ya pili ni "have", na hakuna haja ya kukariri kanuni. "Kamati imeamua" inakupeleka kwenye "has decided", ambayo ndiyo Wamarekani wanaitaka. Kuna pia "one of the teachers who have retired", ambapo wengi huandika "has" kwa sababu macho yao yameganda kwenye "one". Kiswahili hakina shaka: mmoja wa walimu waliostaafu. Waliostaafu ni walimu, basi ni "have".

Lakini zana hii ina pembe butu, na ni vizuri uzijue. Sisi husema "mwenyekiti pamoja na wanachama wake wamefika", wingi bila wasiwasi. Kiingereza cha mtihani hakikubali: "The chairman, along with his members, has arrived." Vyote vilivyo kati ya koma mbili havihesabiwi. Vivyo hivyo "habari zimefika" inakusukuma kuandika "the news have", na hilo ni kosa. Mambo haya mawili yaandike mahali utakapoyaona kila siku, kwa sababu ulimi hautakuonya.

Viwakilishi ndivyo vinavyonifurahisha zaidi. Soma hii: "The canoe hit the post, and it broke." Ni nini kilichovunjika? Kiingereza kina "it" moja kwa kila kitu duniani kisicho mtu. Mvuvi hawezi kusema hivyo hata akitaka. Atasema "mtumbwi uligonga nguzo, ukavunjika", na utajua umekosa chombo. Au "ikavunjika", na utajua ni nguzo. Kiambishi u- ni cha mtumbwi, i- ni cha nguzo. Basi kila unapokutana na "it", "its", "they" au "that" katika swali, jaribu kukivisha kiambishi: hapa ningeweka u-, i-, ki- au li-? Ukipata jibu mara moja, kiwakilishi ni kizima. Ukikwama kati ya viwili, umeshaona udhaifu wa sentensi. Ukikosa kabisa jina la kukipa kiambishi, hilo ni kosa la wazi na jibu linafutwa.

Jaribio hili halifanyi kazi kwa watu na wanyama, kwa kuwa wote ni A-WA. "Otieno alimwambia Wafula kwamba ameshinda" ina utata kwetu sawasawa na kwao. Kingine ni kwamba utata wa kiwakilishi peke yake si panga la kufyekea jibu papo hapo. Watunzi wa GMAT waliwahi kuacha "it" yenye majina mawili yanayowezekana, mradi maana ilikuwa dhahiri. Anza na makosa magumu zaidi, kisha utumie hili kuamua kati ya mawili yaliyobaki.

"Which" ni ndugu yake. Chukua "The lake rose in 2020, which forced fishermen to move." Ukiitia kwenye Kiswahili neno kwa neno, "ziwa lilipanda, ambalo liliwalazimu wavuvi kuhama", unahisi pengo, kwa kuwa "ambalo" limeng'ang'ania ziwa lenyewe, ilhali kilichowahamisha ni kule kupanda. Msemaji wa kawaida angeongeza jina: "jambo lililowalazimu wavuvi kuhama". Hiyo ndiyo kanuni ya mtihani. "Which" baada ya koma inataka jina la kushika, na kwa kawaida jina hilo liko karibu nayo. Haiwezi kushika tukio zima. Ukihitaji neno "jambo" ili sentensi isimame, "which" hiyo ni mbovu. Jibu sahihi huelekea kuwa na kitenzi cha "-ing" baada ya koma: "The lake rose in 2020, forcing fishermen to move." Kitenzi cha namna hiyo kinaweza kubeba matokeo ya tendo lote.

"-ing" ikija mwanzoni mwa sentensi, hadithi inabadilika, na hapa Kiswahili kinatuponza kwa sababu inayoeleweka. Tazama: "Walking along the beach at Dunga, a hippo frightened the tourists." Mtu wetu haoni kasoro, kwa kuwa kichwani ameshaitafsiri: "Wakitembea ufukweni Dunga, kiboko aliwatisha watalii." Kwetu ni safi kabisa. Wa- ya "wakitembea" imewataja watalii hata kabla hawajatokea. "Walking" haina wa- yoyote. Ni mtembeaji asiye na jina, na Kiingereza humpa jina la kwanza linalokuja baada ya koma. Hivyo aliyekuwa akitembea ni kiboko, ambaye Dunga si mgeni, ila swali halikumkusudia yeye. Sisi hujaza kiambishi kisichokuwepo bila kujua tumekijaza, na ndiyo maana kosa hili hutupita hata tukiwa makini.

Dawa ni kukijaza kwa makusudi. Kabla ya koma, jiulize ungeweka kiambishi gani: wa-. Baada ya koma, tazama jina la kwanza linadai kiambishi gani: kiboko, a-. Vikitofautiana, sentensi imevunjika. Fanya hivyo pia kwa virai vinavyoanza na "-ed", "like", "unlike" au "as a".

Haya yote yanaonekana pamoja katika swali hili nililolitunga kuhusu mbuta, yaani "Nile perch". Sentensi inaanza "Introduced into Lake Victoria in the 1950s," na baki yake ndiyo iliyopigiwa mstari:

A. many native fish were eaten by the Nile perch, and they are now exported to Europe.

B. many native fish were eaten by the Nile perch, which is now exported to Europe.

C. the Nile perch, having eaten many native fish and now being exported to Europe.

D. the Nile perch ate many native fish, and they are now exported to Europe.

E. the Nile perch ate many native fish and is now exported to Europe.

Tazama mwanzo wa majibu kwenda chini. Mawili yanaanza na samaki wa asili, matatu na mbuta. Nani aliingizwa ziwani miaka ya 1950? Mbuta. Samaki wa asili walikuwepo. A na B zimekwenda, na hujasoma hata nusu yake. Zingatia B: nusu yake ya pili ni safi, na wengi huichagua kwa ajili hiyo. C ni ndefu na ina sauti ya msomi, lakini tafuta kitenzi kikuu ndani yake. Hakuna. "Having" na "being" haziwezi kusimama peke yake, sawa na sentensi yetu ikiishia "mbuta, akiwa amewala samaki wengi na akiuzwa Ulaya", msikilizaji akabaki akingoja. Kati ya D na E, "they" ni wingi, na wingi pekee uliopo ni samaki wa asili. D inasema tunasafirisha Ulaya samaki ambao wameshaliwa. Imebaki E, ambamo mbuta mmoja anamiliki vitenzi viwili, "ate" na "is".

Watakaokosa watasema E ni fupi mno, au kwamba inaruka kutoka wakati uliopita hadi uliopo. Kubadili wakati si kosa kama matukio yenyewe yana nyakati tofauti, na haya yanazo. Kuhusu ufupi, kuna ushauri unaozunguka kwenye madarasa ya maandalizi: ukikwama chagua fupi, futa lenye "being", futa lenye kitenzi cha kutendwa. Ushauri huo ni wa uvivu. Watunzi waliujua, wakawa wanaandika majibu sahihi marefu yenye "was built by" makusudi. Wala usiliogope jibu la kwanza. Sentensi isipokuwa na kosa haina kosa, na hulazimiki kuibadilisha ili uonekane umefanya kazi.

Vitenzi vya masharti vinahitaji tahadhari moja. Mwalimu wa Kiswahili hukataza kuchanganya -nge- na -ngali-, pande zote mbili zifanane: "kaunti ingaliitengeneza barabara, matatu zingalirudi." Nidhamu hiyo ndiyo inayotufanya tuandike "If the county would have repaired the road, the matatus would have returned." Kiingereza hakitaki "would" upande wa "if". Ni "had repaired". Kwa upande mwingine, pale ambapo Kiswahili kingekupa -e mwishoni, "kaunti iliagiza kila mchuuzi ahame", Kiingereza kinataka kitenzi kitupu: "ordered that each trader move", bila s. Baada ya "demand", "require", "recommend" au "insist" yenye maana ya agizo, sikiliza kama -e inakuja, na utajua.

Ulinganifu wa orodha ni mwepesi kwetu. Kuvua, kusafisha na kuuza: ku- tatu. Kwa hiyo "fishing, cleaning and to sell" lazima ikukere. Katika kulinganisha vitu viwili, angalia ile "za" ndogo. "Barabara za Kisumu ni tambarare kuliko za Nakuru" ina "za" inayofanya kazi ya "those". Ukiandika "Roads in Kisumu are flatter than Nakuru", umelinganisha barabara na jiji zima.

Kuna eneo moja ambalo Kiswahili hakina msaada mkubwa, nalo ni maneno yanayokwenda jozi. "Between" huenda na "and", kama kati ya 2001 na 2021 kwetu, kwa hiyo hiyo una bahati nayo, ila "regard as", "attribute to", "prohibit from", "capable of" na "so... that" ni za kukariri. Andika kumi kwa siku, kila moja ndani ya sentensi yake, na usiendelee na kumi nyingine hadi hizo zikutoke bila kufikiri.

Chukua daftari la kurasa 96, uligawe kwa safu nne: nambari ya swali, jibu nililochagua, kosa lenyewe kwa maneno matano, na sentensi hiyo kwa Kiswahili. Safu ya nne ndiyo yenye faida. Fanya maswali 15 kwa kikao, ukijipimia dakika 20, kisha tumia saa nzima kuyapitia, yakiwemo uliyopata kwa kubahatisha. Baada ya vikao sita, hesabu safu ya tatu. Ukikuta "kiambishi hakipo kwenye -ing" imejirudia mara tisa na makosa ya upatanisho ni mawili tu, acha upatanisho kwa wiki nzima na urudi Dunga kwa yule kiboko.